Mgomo wa Mpiga Ngoma

Dada yangu alinitoa kwenye kundi Jumatatu ya kwanza ya Oktoba 1981, saa nne asubuhi, na hata hakunitoa yeye mwenyewe. Alimtuma Mwingereza.

Ngoma zangu nilikuwa nimezipeleka studio tangu Jumamosi. Studio ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa zamani kiwanda cha glavu, Mtaa wa Barton, hapa Hamilton, nchini Kanada. Nilizipanga mwenyewe, nikakaza ngozi, nikaweka alama za chaki sakafuni ili mtu asizisogeze. Jumatatu naingia na vijiti vyangu mkononi, nakuta chaki imefutwa. Mahali pangu pamewekwa meza, na juu ya meza kisanduku cha kijivu chenye vifungo vingi, ukubwa wa mkebe wa biskuti. Ngoma zilikuwa kwenye korido, zimefunikwa shuka.

Julian Sedge, prodyuza aliyeletwa na kampuni yetu ya santuri kutoka Uingereza kuja kutusimamia, alisimama akanivutia kiti.

"Ndugu Nunzio, keti kidogo tuzungumze."

"Ngoma zangu zinafanya nini chooni?"

"Haziko chooni. Ziko karibu na choo."

"Na hiki?"

"Hiki ni mashine ya ngoma. Nimekipima, kinakwenda sawasawa kuanzia mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Wewe nilikupima pia, kwenye nyimbo tulizorekodi kwa majaribio mwezi uliopita. Nilikaa na saa. Kila wimbo ukifika kiitikio cha pili unakimbia. Kila wimbo, bila kukosa."

Nilimtafuta dada yangu kwa macho. Loredana alikuwa upande wa pili wa kioo cha chumba cha mitambo, amevaa spika za masikioni, anasoma karatasi ambayo nina hakika haikuwa na kitu. Keith Maddock, mpiga gitaa wetu, alikuwa anabadilisha nyuzi alizozibadilisha jana yake.

"Mwambie dada yangu aje aniambie mwenyewe."

"Ameniomba nikuambie mimi," Julian akasema, na nikaona kwamba hata yeye hakuipenda kazi hiyo.

Nikaenda kwenye kioo, nikagonga kwa kijiti. Loredana akavua spika, akabonyeza kitufe cha kuongea. Sauti yake ikatokea juu ya kichwa changu, darini.

"Umesikia alichosema."

"Nataka nisikie kwako."

"Albamu hii hupigi, Nunzio. Ukitaka kukaa, kaa. Tutakupa kazi ya kupiga njuga kwenye wimbo wa sita."

"Njuga."

"Au nenda nyumbani. Ila usinigongee kioo."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kundi letu liliitwa Alumini. Tulikuwa watatu tu: yeye akiimba na kupiga kinanda cha umeme, Keith gitaa, mimi ngoma. Hamilton ni mji wa chuma. Nusu ya wanaume wa mtaa wetu waliamshwa na king'ora cha kiwanda maisha yao yote. Kujiita Alumini mbele ya watu kama hao kulikuwa uchokozi mtupu, na ndiyo sababu Loredana alilichagua jina hilo. Alikuwa amenizidi miaka miwili na uchokozi alizaliwa nao. Jina lake mwenyewe alilitupa pia. Kwenye jukwaa hakuwa Loredana Licata, binti wa Calogero Licata wa tanuru namba mbili. Alikuwa Dana Lark. Baba alipoliona jina hilo kwenye bango kwa mara ya kwanza, aliuliza huyo Mwingereza ni nani.

Albamu ya kwanza tuliirekodi kwa siku tisa, na wimbo mmoja ukapigwa kwenye redio kuanzia Toronto mpaka Detroit. Magazeti yakasema sisi ni wimbi jipya la muziki. Sisi tulijua tu kwamba tunapiga haraka na tunavaa tai nyembamba. Kampuni ikataka ya pili, na ya pili, kila mtu katika biashara hii atakwambia, ndiyo inayoamua kama wewe ni mwanamuziki au ni mtu aliyebahatisha. Loredana alikuwa haogopi kitu duniani isipokuwa kuitwa mtu aliyebahatisha.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya chama cha wanamuziki. Mzee mmoja wa tarumbeta alisoma mkataba wangu mara mbili, akavua miwani.

"Kijana, hapa hakuna kesi. Imeandikwa kiongozi wa kundi ndiye anaamua nani apige nini. Kiongozi ni nani?"

"Dada yangu."

"Ulisaini hivyo?"

"Nilisaini mezani kwa mama, tunakula."

"Basi ungekula kwanza ndipo usaini," akasema, akanirudishia karatasi.

Nilitoka pale nimevimba kwa hasira. Sasa lazima nieleze mji ulivyokuwa mwaka ule. Wafanyakazi wa kiwanda cha chuma walikuwa wamegoma tangu Agosti. Maelfu ya watu. Baba yangu alikuwa na zamu yake ya kulinda lango, yeye na mzee wa Keith, wanasimama kando ya pipa la moto na mabango yao shingoni. Mji mzima uliishi kwa mstari ule wa wagomaji langoni. Mtu aliyeuvuka kwenda kazini hakupata wa kumuuzia mkate. Kinyozi angemwacha na kichwa nusu. Ndiyo maana nilijua hasa ninachofanya nilipochukua ubao kwenye gereji ya wazazi wangu, nikaupaka rangi nyeupe, nikaandika kwa nyekundu: STUDIO HII IMEMTOA MTU IKAWEKA MASHINE. USIVUKE.

Alhamisi saa tatu na nusu nikasimama mlangoni pa kiwanda cha glavu, peke yangu, na bango langu.

Wa kwanza alikuwa jamaa wa kuleta mikate yenye nyama, chakula cha mchana cha Julian. Akasoma bango, akanitazama, akageuza gari. Hakuuliza hata swali moja. Wa pili alikuwa fundi wa vinanda. Yeye aliuliza, "Ni ya kweli hii?" Nikamwambia, "Unaniona nacheka?" Akaondoka.

Wa tatu alikuwa Keith. Alisimama ng'ambo ya barabara na gitaa lake mgongoni kama mtu anayengoja basi.

"Nunzio, niondolee aibu, bwana."

"Vuka."

"Unajua siwezi. Mzee wangu yuko langoni na mzee wako saa hizi. Akisikia nimevuka mstari, hata kama ni mstari wa bata, atanifukuza nyumbani."

"Basi rudi nyumbani."

"Nikirudi, Loredana ataniua."

"Chagua kifo unachopenda."

Alikaa ng'ambo saa nzima. Mwishowe akazunguka nyuma ya jengo, akapanda ngazi ya kukimbia moto, akaingia dirishani. Jioni alipotoka aliniambia mstari wangu ulikuwa mbele, yeye alipita nyuma, kwa hiyo hakuvuka kitu. Nikamwambia akamweleze baba yake hivyohivyo, neno kwa neno. Akanitukana, na alikuwa na haki.

Loredana hakuzunguka. Alishuka kwenye teksi saa nne kamili, amevaa miwani myeusi na koti lake refu la kijani, akaja moja kwa moja.

"Msaliti wa mgomo," nikamwambia.

"Paza sauti. Toronto hawajakusikia."

"Unavuka mstari, Loredana."

"Navuka mdogo wangu aliyebeba ubao. Nimemvuka tangu akiwa na nepi."

Akapita. Akaninyang'anya hata nafasi ya kufungua mdomo. Nilimfuata kwa maneno mpaka mlango ulipojifunga, maneno ambayo mama yangu hajui kama ninayajua.

Ikawa hivyo kila siku. Saa nne anakuja, nasema langu, anasema lake, anapanda. Siku ya tatu alinimwagia kahawa kwenye kiatu, akasema samahani, mkono umekimbia, kwenye kiitikio cha pili. Siku ya nne mimi nilimwambia mashine ile ndiyo mwanamume pekee atakayeweza kukaa naye, kwa sababu ina kitufe cha kuzima masikio. Juu kule nilikuwa nasikia kazi ikiendelea. Tik, tik, tik, sawasawa, kutwa nzima, kama bomba linalovuja. Wakati mwingine wimbo mmoja ulirudiwa mara ishirini, na nilifurahi kila uliposimama.

Jumapili tulikula kwa wazazi. Mama yangu alikuwa na sheria moja: mezani pake hakuna ugomvi mpaka sahani zitoke. Yeye alikuwa ameshajua kila kitu, maana mama wa fundi wa vinanda alisali naye kanisa moja. Alitukamata wote wawili jikoni kabla ya kukaa.

"Baba yenu amesimama kwenye baridi wiki kumi," akasema kwa sauti ya chini. "Hajui upuuzi wenu, na hatajua leo. Anayetaka kumwambia, asile chakula changu."

Basi tukakaa. Baba alikula, mikono imepasuka kwa moshi na upepo wa ziwani. Alikuwa amekonda. Baada ya tambi akauliza, "Hiyo albamu inaendaje?"

"Vizuri, Baba," Loredana akasema.

"Inajiendesha yenyewe," nikasema mimi.

Mama akaniwekea pilipili za kukaanga kwenye sahani kwa nguvu hadi mafuta yakanirukia shati. Baba akatikisa kichwa, akaridhika. Alijivunia sisi kufanya kazi pamoja. Aliwahi kuwaambia wenzake langoni kwamba watoto wake hawakuhitaji msimamizi, walikuwa na damu.

Jumanne ya wiki ya pili nilimkuta mpiga picha mlangoni kabla yangu, na mwandishi wa gazeti la Toronto, mwanamke mwenye kalamu tatu kwenye nywele zake. Nikadhani mji umesikia kilio changu. Nikasimama wima, nikajibu maswali yote, nikaeleza habari ya mashine na mikono ya watu na kesho yetu sote. Mwandishi aliandika kwa bidii. Halafu teksi ikafika, Loredana akashuka, na nikaona amepaka rangi midomoni na miwani ni mipya. Hakunitukana siku hiyo. Alipita mbele ya bango langu polepole, akageuza shingo kidogo, kamera ikalia mara nane au tisa.

"Asante, Nunzio," akasema mlangoni. "Kampuni ingelipia matangazo haya."

Ndipo nikajua ni nani aliyewaita.

Picha ilitoka Alhamisi. Dada yangu katikati, kidevu juu, na kando yake bango, na chini ya bango mimi, mdomo wazi kama samaki. Juu yake waliandika kwamba Dana Lark anavuka mstari. Hawakuandika popote kwamba mimi ni ndugu yake. Gazeti lile lilifika langoni mwa kiwanda cha chuma kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu wagomaji hawana kazi nyingine ila kusoma magazeti. Mtu mmoja akampa baba yangu, akamwambia, "Calogero, huyu si mtoto wako wa pili? Tazama, ametuunga mkono." Na mwingine akasema, "Na yule si wa kwanza?"

Baba alitembea kutoka langoni mpaka Mtaa wa Barton. Ni mwendo wa karibu saa nzima. Nilimwona akija kwa mbali, na bango lake la mgomo bado limening'inia shingoni, gazeti limekunjwa mkononi. Loredana alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye teksi. Tukasimama wote wawili kama watoto waliovunja dirisha.

Hakutusalimia. Alisoma bango langu lote, akisogeza midomo, kwa sababu Kiingereza alijifunzia ukubwani. Kisha akaniuliza.

"Chama kimekuruhusu?"

"Hapana, Baba."

"Mlipiga kura?"

"Ndiyo."

"Wangapi?"

"Mimi."

"Waliokubali?"

"Mmoja."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejumlisha. "Sikiliza. Sisi langoni tuna watu wenye watoto wanne. Kuna mtu ameuza gari lake. Pasquale mke wake amejifungua na hana hata kuni. Huo ndio mgomo. Mtu mmoja aliyekasirikiana na dada yake, hiyo haiitwi mgomo. Hiyo inaitwa kususa. Umechukua kitu cha watu wanaoumia ukakifanya fimbo ya kumpigia dada yako."

"Wameweka mashine, Baba. Mahali pangu."

"Nimesoma. Ni vibaya. Ungeniambia, ningekasirika pamoja na wewe. Hukuniambia. Ulienda gereji kwangu, ukachukua ubao wangu."

Loredana alifanya kosa la kupumua kwa nguvu, ile pumzi ya mtu aliyeshinda, na baba akamgeukia.

"Na wewe. Ulivuka."

"Baba, umesema mwenyewe huu si mgomo."

"Nimesema sasa hivi. Jana nilikuwa sijasema. Jana wewe uliona mstari, ukavuka, ukajipaka rangi ili upigwe picha ukivuka." Akafungua gazeti, akamwonyesha. "Wanaume mia mbili wameliona hili asubuhi ya leo. Mimi nimesimama nao."

"Hawanijui mimi ni nani. Jina liko tofauti."

"Ndiyo," baba akasema. "Nilidhani ulibadilisha jina kwa ajili ya muziki. Kumbe lina kazi nyingine."

Hapo nilimwona dada yangu akiishiwa maneno, jambo nililolisubiri miaka ishirini na minne, na halikunipa raha yoyote.

Baba akachukua bango mkononi mwangu. Akaligeuza, akalijaribu uzito. "Nina watoto wawili," akasema. "Mmoja anagoma bila sababu, mwingine anavuka bila haya. Ubao huu mkavu. Utatufaa kwenye pipa." Akauweka begani, akarudi alikotoka. Hakugeuka nyuma.

Tulibaki mlangoni. Teksi ilikuwa imeshaondoka.

"Panda uchukue ngoma zako," Loredana akasema. "Leo. Sitaki kuziona tena."

Nikapanda. Kwenye korido nikavuta shuka, nikaanza kulegeza skrubu. Yeye alisimama mlangoni mikono imefungwa kifuani. Nyuma yake mashine ilikuwa inalia, Keith na Julian walijifanya wana kazi nyingi. Nikamwambia, bila kuinua kichwa, kwamba amemuaibisha baba kwa sababu ya kisanduku cha kijivu.

"Unadhani ni kisanduku?" akasema. "Unadhani nilikutoa kwa sababu ya saa ya Julian? Cleveland, Nunzio."

"Cleveland kuna nini?"

"Usiku wa onyesho letu pale koo langu lilikuwa limevimba. Siku tatu nilikuwa nameza maji kwa kijiko. Nilikuomba kwenye gari, mbele ya Keith, upige taratibu. Ukasema sawa. Wimbo wa kwanza ukaupiga mbio. Wa pili mbio zaidi. Niligeuka nyuma kukutazama, sina pumzi, watu elfu moja mbele yangu. Ukanicheka."

"Sikucheka."

"Ulicheka."

Nilicheka. Nitasema hapa kile ambacho sikukisema pale. Asubuhi ile gazeti la Cleveland lilikuwa limetoa picha yetu, na mimi nilikuwa nimekatwa, umebaki mkono wangu mmoja na kijiti. Chini waliandika Dana Lark na wanaume wake wawili. Nililibeba gazeti lile mfukoni kutwa nzima. Usiku nilipokaa kwenye ngoma niligundua kwamba mimi ndiye niliyeshika pumzi za dada yangu. Yeye ana picha, ana jina, ana taa usoni. Lakini mpiga ngoma akiongeza mwendo, mwimbaji hana pa kwenda ila kumfuata. Nikaongeza. Ikawa tamu. Kuanzia Cleveland niliongeza kila usiku, kidogo tu, kila kwenye kiitikio cha pili, mpaka mikono ikazoea, na nikawa nafanya hata studio bila kukusudia. Watazamaji walipenda. Walisema tuna moto.

"Nimeimba mwaka mzima nikikukimbia wewe," Loredana akasema. Hakuwa analia. Ingekuwa nafuu kama angelia. "Mashine hii haina akili. Inanichosha, inamchosha Julian, Keith anaichukia. Lakini hainichukii. Sijui kama unaelewa maana ya kusimama mbele ya kitu ambacho hakikuchukii."

Ningeweza kusema samahani. Neno lilikuwepo, nililiona. Badala yake nikasema, "Bila mimi kukukimbiza, hakuna ambaye angekusikiliza."

"Tutaona," akasema.

Nilibeba ngoma kwa safari nne. Kila nilipopita aliuzuia mlango kwa mguu wake usijifunge, lakini hakugusa kitu hata kimoja, na safari ya mwisho nilipotoka aliondoa mguu.

Mgomo wa baba uliisha Desemba. Albamu ya pili ya Alumini ilitoka Machi. Niliiona kwanza kwenye dirisha la duka la santuri, Mtaa wa King. Waliinunua ile picha ya gazeti wakaifanya jalada, ila waliikata upya. Dada yangu yuko mzima. Mimi nipo kuanzia mabegani kwenda chini, nimeshika ubao ambao maandishi yake yamefutwa. Mpaka leo kuna watu wanaoniambia wanaipenda albamu ile, na siwaambii kwamba tumbo lile ni langu. Nyuma, mahali pa majina ya wapigaji, sikuwepo. Baba hakutaka iingie nyumbani. Mama aliificha chini ya vitambaa vya meza, akidhani sisi hatujui.

Niliinunua. Nilitaka iwe mbovu. Niliisikiliza mara ya kwanza nikiwa nimesimama, na koti mwilini, tayari kuondoka. Nyimbo mbili zilikuwa baridi kama chumba cha maiti. Nane zilizobaki zilikuwa nzuri kuliko kitu chochote tulichofanya pamoja.

Mei, sikukuu ya Malkia, siku ya mapumziko na fataki, walipiga mchana kwenye bustani ya kando ya ziwa. Niliambiwa na Keith, aliyekuwa bado ananipigia simu kwa siri. Nilikwenda nikasimama nyuma kabisa, kwenye uzio, nyuma ya kibanda cha soseji. Nilitegemea kuona meza na kisanduku. Hakikuwepo. Mashine, Keith alinieleza baadaye, ilishindwa na joto la taa kwenye onyesho la kwanza kabisa, ikapiga wimbo mmoja mara tatu mfululizo. Nyuma ya dada yangu alikaa mwanamke mwenye nywele fupi kutoka Windsor, Colleen Baptie, na ngoma zake halisi, za mbao na ngozi. Kwa hiyo tatizo halikuwa mtu au mashine. Mtu walimtaka. Hawakunitaka mimi.

Niliwatazama kwa chuki, sitasema uongo. Nilitafuta kosa la Colleen kama mtu anayetafuta mende jikoni. Kilipofika kiitikio cha pili nilijikuta mkono wangu unaanza kwenda mbio kwenye uzio, na yeye hakwenda. Alibaki palepale. Loredana alifika mwisho wa mstari, akafunga mdomo, akavuta hewa mpaka mabega yakapanda, kisha akaimba mstari uliofuata. Sikuwahi kumwona akipumua jukwaani.

Keith alinikuta kwenye kibanda cha soseji wakati wa mapumziko, jasho linamtoka.

"Njoo nyuma ya jukwaa umsalimie."

"Anajua nipo?"

"Alikuona wimbo wa tatu."

"Kasema nini?"

"Kasema ukija, usiguse kitu."

Sikwenda. Niliondoka kabla hawajarudi kupiga, nikatembea hadi kwa wazazi. Baba alikuwa barazani na kiti chake. Kiwanda kilikuwa kimewapunguza watu Aprili, naye alikuwa mmoja wao, baada ya miaka ishirini na sita. Aliniona nakuja, akasogeza miguu nipate pa kukaa.

"Ulikwenda," akasema.

"Nilikwenda."

"Ameimba vizuri?"

"Vizuri."

"Na wa ngoma?"

Nilifikiria kumdanganya. "Anajua kazi, Baba. Anamwacha apumue."

Baba alitazama barabara. Watoto wa jirani walikuwa wanawasha fataki mapema, jua likiwa bado juu, hazionekani vizuri.

"Hilo usiniambie mimi," akasema. "Kamwambie dada yako."

Nikamwambia sawa. Tumekutana mara nyingi tangu siku ile, Pasaka, arusi, na kwenye mazishi yake yeye baba, ambapo tulibeba jeneza upande mmoja, Loredana mbele, mimi nyuma yake. Sijamwambia mpaka leo.